Mlango wa Umeme Umegoma, na Mota Nyingine Haikusaidia

Safu ya Gereji: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la viti saba la mwaka 2009, lililotoka Japani likiwa limetumika, lenye milango miwili ya pembeni inayoteleza kwa umeme. Tangu mwezi wa nne mlango wa kushoto, ambao ndio watoto wanaoutumia kila siku kwenda na kurudi shule, umekuwa na tabia ya ajabu. Ukiwa umefungwa nikabonyeza rimoti, hulia na kufunguka hadi mwisho bila shida yoyote. Nikitaka kuufunga, hulia tu na kubaki palepale, nami hulazimika kushuka na kuusukuma kwa mkono. Fundi wa kwanza alitazama fyuzi akasema ni nzima. Wa pili alisema mota imekufa, nikanunua mota iliyotumika kwa shilingi 280,000 na kumlipa ufundi juu yake. Mlango ulifanya kazi siku kumi na mbili, kisha ukarudia tabia yake. Sasa ananiambia ninunue na kompyuta ya mlango. Kabla sijafungua mkoba tena, naomba ushauri wako.
— Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mkoba uache ulivyo kwa sasa, kwa kuwa barua yako yenyewe imekwisha kuitetea ile mota ya kwanza. Mota inayofungua mlango ndiyo hiyohiyo inayoufunga. Kinachobadilika ni mwelekeo wa umeme unaopita ndani yake. Mota iliyoweza kuuvuta mlango mzima hadi mwisho wa reli haikuwa imekufa, na aliyekuambia hivyo alikisia bila kupima. Simlaumu sana, maana nami miaka ya nyuma niliwahi kumtoza mteja bei ya mota ambayo baadaye niligundua ilikuwa nzima, na mpaka leo nikipita mtaani kwake huona haya.

Swali la kujiuliza ni hili: kati ya mlango uliofungwa na mlango uliofunguka, ni kitu gani kimebadilika? Mota ni ileile na kompyuta ni ileile. Kilichohama ni fungu la nyaya linalotoka kwenye bodi ya gari kuingia mlangoni. Katika magari mengi ya aina hii fungu hilo hupita ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujikunjua kila mlango unapotembea, aghalabu karibu na ngazi ya kukanyagia au nyuma ya plastiki ya chini. Mlango unaofunguliwa mara kumi kwa siku huzikunja nyaya hizo mara elfu tatu na zaidi kwa mwaka, na gari lako lina umri wa kutosha kuwa limezikunja makumi ya maelfu ya mara. Shaba haivumilii hivyo milele. Hukatika uzi mmoja mmoja ndani ya ganda, na ganda hubaki zima, hata ukiutazama waya kwa macho utaapa kwamba hauna kasoro. Mlango ukiwa umefungwa, ncha mbili zilizokatika hugusana na umeme hupita. Mlango ukifunguka hadi mwisho, waya huvutika, ncha huachana, na kompyuta hupoteza habari iliyokuwa ikiitegemea.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la zile siku kumi na mbili. Fundi alipofungua plastiki za ndani ili abadilishe mota, alizisogeza nyaya bila kukusudia, ncha zikagusana tena, akaamini kwamba mota ndiyo iliyoleta nafuu.

Sasa, ni waya gani uliokatika? Mlio unaousikia unatuambia kwamba kompyuta imepokea amri ya rimoti na imeielewa, kwa hiyo tusianze na rimoti wala swichi. Mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya kuzuia kubana. Ukitazama ukingo wa mbele wa mlango wako utaona mpira mrefu unaotoka juu hadi chini. Ndani ya mpira huo mna nyuzi mbili zinazopitisha umeme zikiwa zimeachana, na mwishoni zimeunganishwa kwa kizuizi kidogo cha umeme. Mtoto akiweka mkono pale, mpira hubonyea, nyuzi hugusana, na kompyuta huurudisha mlango nyuma. Kile kizuizi cha mwishoni kimewekwa ili kompyuta ijue muda wote kwamba nyuzi ni nzima: ikipima na kukuta njia imekatika, haina tena uhakika kwamba itahisi mkono wa mtu, na katika magari mengi hukataa kuufunga mlango kwa umeme huku ikiendelea kuufungua kama kawaida. Linganisha na ulichoniandikia. Mlango unafunguka na haufungi. Huenda basi gari lako halijaharibika akili hata kidogo. Linakataa kumbana mwanao bila ya kuwa na njia ya kumhisi.

Hayo bado ni mashaka tu, nayo hayatoshi kununulia spea, kwa hiyo mpe fundi wako kazi ifuatayo na usimame karibu naye.

Aanze kwa kuzima swichi kuu ya milango ya umeme iliyoko kwenye dashibodi, kisha auvute mlango wa kushoto kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na baadaye ule wa kulia. Milango miwili ya gari moja ndiyo mizani bora kuliko kitabu chochote. Ukiona wa kushoto ni mzito zaidi au unakwama mahali pamoja, shida ina mguu mmoja kwenye reli, kwenye rola au kwenye kebo ya chuma inayouvuta, na hapo kupima umeme kwanza ni kupoteza muda. Kebo hiyo isishikwe kwa vidole vitupu, maana ikianza kuchakaa hutoa nyuzi kali kama sindano.

Pili, apime betri. Ikiwa imepumzika na imejaa, mita itaonyesha karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 12, betri ishughulikiwe kwanza, kwa sababu mlango wa umeme ni miongoni mwa vifaa vya kwanza kugoma umeme unapopungua. Injini ikiwaka, mita ionyeshe takriban volti 13.8 hadi 14.4.

Tatu, akiwa ameacha mlango wazi, ausukume ulimi wa kitasa kwa bisibisi taratibu kana kwamba mlango unafungwa, huku wewe ukiitazama taa ya onyo ya mlango kwenye dashibodi. Ndani ya kitasa mna swichi ndogo zinazoiambia kompyuta kama mlango umeshika nusu au umeshika kabisa. Taa isipobadilika, swichi hizo au nyaya zake zina la kujibu. Vidole vyake vikae mbali, kwa kuwa magari mengi yana mota nyingine ndogo inayomalizia kuukaza mlango, nayo haichagui kati ya chuma na kidole. Akimaliza auvute mkono wa mlango ili ulimi uachie, kwani mlango ukifungwa na ulimi umejifunga tayari, utagonga ndoano ya kwenye nguzo na kuleta hasara nyingine.

Ndipo aje kwenye nyaya. Aizime gari na kuondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa plastiki za pembeni, hasa kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni au mikanda yenye vikazo vya baruti. Miongozo ya Toyota, kwa mfano, hutaka kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri. Achomoe soketi ya sensa mlangoni na soketi ya upande wa kompyuta, kisha apime kila waya kutoka ncha hii hadi ile kwa mita, huku msaidizi akiusogeza mlango polepole kutoka kufungwa hadi kufunguka. Asipime mlango ukiwa umesimama mahali pamoja akaridhika. Waya wako ni mzima mlango ukifungwa, na kipimo kikichukuliwa hapo kitasema kila kitu ni sawa. Mita ikitoka kwenye sifuri na kuruka hadi kusikopimika mlango unapokaribia mwisho, mgonjwa amepatikana.

Hapa nataka kutua kidogo, kwa sababu kosa ninaloliona katika gereji nyingi liko hapa. Waya mnene wa kulisha mota ukiwa umebakiwa na nyuzi mbili tu kati ya thelathini, mita bado itauonyesha kuwa mzima, na ukipima volti bila mota kufanya kazi utakuta 12 kamili, kwa kuwa mita yenyewe haili umeme. Mota inapotaka ampea kadhaa ndipo nyuzi mbili zinaposhindwa na volti kuanguka. Waya wa nguvu hupimwa ukiwa na mzigo. Mimi hutumia balbu ya breki ya wati 21, ambayo hula kiasi cha ampea 1.75: nauchomoa waya pande zote mbili, naupitishia umeme wa betri kupitia fyuzi ndogo, naweka balbu upande wa pili, kisha nausogeza mlango. Balbu ikififia au ikipepesa, waya umekatika hata kama mita inaapa vinginevyo. Jaribio hili ni la nyaya za nguvu na za ethi (zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) peke yake; waya mwembamba wa sensa ukiunganishwa na balbu huku kompyuta ikiwa bado imeshikana nao, hapo kweli mtanunua kompyuta.

Kwa upande wa ethi, betri na soketi zikisharudishwa, mita iwekwe kati ya waya wa ethi wa kompyuta inayoilisha mota na hasi ya betri wakati mlango unatembea. Ikionyesha zaidi ya volti 0.2 hivi, kuna kutu au bolti iliyolegea mahali. Kwa kuwa uko Tanga, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, mwambie afungue na kutazama soketi za chini karibu na ngazi. Ile kutu ya kijani kwenye pini naiona zaidi kwenye magari ya pwani kuliko kwenye yale yanayonijia kutoka bara.

Tahadhari moja kwa fundi anayependa kuweka mita kwenye mota yenyewe: kompyuta nyingi huilisha mota kwa vipande vya haraka vya umeme ili mlango uanze na kumalizia polepole, hivyo mita inaweza kusoma volti 7 au 8 bila ya kuwapo hitilafu yoyote. Apime mlango wa kulia ulio mzima, aandike namba, halafu alinganishe.

Waya ukipatikana, usiunganishwe kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, wala kwa kulehemu, palepale ulipokatikia. Risasi ya kulehemu huufanya waya uwe mgumu kama msumari, na ukikunjwa tena hukatika pembeni mwa kiungo baada ya wiki chache. Sehemu yote inayojikunja ibadilishwe kwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa unene uleule, na viungo viwe nje ya mnyororo, upande wa bodi na upande wa mlango, mahali pasipotikisika; kila kiungo kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Nyaya zilizo jirani na ule uliokatika zibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa zimekunjwa pamoja tangu gari linatoka kiwandani. Gharama ya vifaa ni ndogo sana ukilinganisha na mota uliyonunua, ingawa kazi yenyewe huweza kula siku nzima na fundi anastahili kulipwa siku yake.

Kuhusu kompyuta, sisemi haiharibiki. Nasema iwe ya mwisho kushukiwa, baada ya umeme, ethi na ishara zote kupimwa kwenye soketi yake na kuonekana ziko sawa. Kama unaweza kumpata fundi mwenye mashine inayosoma mifumo ya bodi, asome kwanza kodi, yaani alama za hitilafu, zinazoanza na herufi B. Vile vifaa vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma kodi za injini tu, na vikisema hakuna kosa havijaangalia mlangoni kabisa.

SWALI: Naendesha gari la abiria huku Moshi. Mlango una umeme lakini konda huufungua na kuufunga kwa mkono, na mara nyingi mota huamka katikati na kuanza kushindana naye. Nimeambiwa nikate nyaya za mota mambo yaishe. Ni sawa?
— Dereva, Moshi

JIBU: Usikate, ndugu yangu. Kinachoiamsha mota ni swichi iliyo ndani ya mkono wa mlango: konda anapovuta mkono, kwa gari hiyo ni amri ya kufungua, na anapozidi kuuvuta kwa pupa, mota na misuli yake huvutana kupitia kebo ileile moja. Kebo ndiyo inayoumia. Zima swichi kuu ya kwenye dashibodi na mlango utakuwa wa mkono, huku ile mota ndogo ya kukaza kitasa katika magari mengi ikiendelea na kazi yake. Kama swichi hiyo imeharibika au imeondolewa, ambalo si jambo geni kwenye magari yaliyopita mikono mingi, irudishwe. Ukikata nyaya za mota kiholela, kompyuta itaona kuna hitilafu ya kudumu, na ncha za nyaya zilizoachwa ndani ya mlango wenye maji ya mvua zitaleta shoti siku ambayo hukuitarajia. Uzito utakaobaki wa kusukuma ni wa kebo na ngoma yake, nao ni mdogo kama reli ni safi. Huko kwenu vumbi la kiangazi hugeuka gundi likichanganyika na grisi, kwa hiyo reli ya kati na ya chini zifutwe kwa kitambaa mara kwa mara, na grisi iwe kidogo, isiwe ya kupaka kama siagi kwenye mkate.

SWALI: Nilibadilisha betri juzi. Tangu siku hiyo milango yote miwili haitii rimoti wala swichi ya dereva, ilhali awali ilikuwa mizima kabisa. Mekanika anataka kufungua milango yote miwili. Nimruhusu?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Usimruhusu bado. Milango miwili haifi siku moja, tena siku ya kubadilisha betri, bila sababu inayoihusu yote miwili. Betri ilipoondolewa, kompyuta ilisahau mlango uko wapi kwenye reli, na katika magari mengi haitausogeza mpaka iambiwe upya pale mwanzo palipo. Funga kila mlango kwa mkono hadi ushike kabisa, washa swichi kuu, hakikisha gia iko P, kisha jaribu. Magari mengine yana utaratibu wake wa kubonyeza swichi, ulioandikwa katika kitabu cha gari. Kama kitabu chako ni cha Kijapani, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakutosha kwa ukurasa mmoja. Ikishindikana, tazama fyuzi za milango, kwa kuwa mojawapo huweza kuungua wakati wa kufunga betri, na uangalie pia kama kifuniko cha tangi la mafuta kimefungwa, maana katika magari mengi mlango wa upande huo hukataa kufunguka kikiwa wazi. Hilo la mwisho huwaaibisha watu wengi, mimi nikiwamo.

SWALI: Fyuzi ya mlango wangu ni ya ampea 30 na huungua kila baada ya siku chache. Naweza kuweka ya 40?
— Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Waya uliowekwa kiwandani ulipimwa kwa fyuzi ile, na ukiikuza fyuzi, kitakachoungua mara ijayo ni waya wenyewe, ndani ya plastiki, karibu na kiti cha abiria. Fyuzi inayoungua baada ya siku kadhaa, badala ya papo hapo, kwa kawaida inaashiria mota inayovuta mzigo uliozidi, au ganda la waya lililochubuka na kugusa bodi mlango unapofika mahali fulani. Jambo hili si dogo. Mwezi Novemba 2016 kampuni ya Toyota ilitangaza kuyaita gereji magari ya familia zaidi ya 800,000 aina ya Sienna, ya modeli za 2011 hadi 2016, mengi yao yakiwa Marekani, kwa sababu mlango uliozuiwa kufunguka uliweza kuizidishia mota mzigo hadi fyuzi ikaungua. Na kama iliungua wakati kitasa kimekwisha kuachia, mlango ungeweza kufunguka gari likiwa barabarani. Kwa hiyo fyuzi yako ikiungua tena, usibandike nyingine ukaondoka. Sukuma mlango kwa mkono hadi ushike, hakikisha taa ya onyo imezimika kwenye dashibodi, ujaribu kuuvuta kutoka nje kabla ya kuondoa gari, kisha anza na jaribio la kuuvuta kwa mkono swichi kuu ikiwa imezimwa, kama nilivyomweleza mama wa Tanga. Kwa dalili zako wewe, nategemea utaukuta mlango mzito.